Bado Hamjaelewana

Kuna watu nimewahi kuwachukia kwa sababu za maana: umbea, dhuluma, mpaka wa shamba. Fundi wa siti nilimchukia kwa sababu ya makalio yangu, na kwa muda mrefu sikuona haya kulisema hilo mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya mchungaji.

Mimi nauza maziwa kwa baiskeli. Asubuhi nayachukua kwa wafugaji wa Ilboru, wale wenye ng'ombe wawili watatu bandani, nateremka nayo hadi Levolosi na Kaloleni, kisha napanda kurudi na madumu matupu. Watu huniuliza kwa nini sinunui pikipiki. Nilikuwa nayo. Ilinivunja mguu pale Sakina, na baridi ya Julai ikija mguu huo unanikumbusha, kwa hiyo habari ya pikipiki tuiache. Ninachotaka kieleweke ni kwamba siti ya baiskeli kwangu si pambo. Nikishindwa kukaa, maziwa hayafiki, na maziwa hayana subira.

Fundi alikuwa na meza yake Levolosi, kwenye baraza ya duka la mahindi. Hakuwa na kibao wala namba ya simu ukutani. Alikuwa mzee mrefu wa Kiarusha, masikio yametobolewa zamani na kuachwa yaning'inie, shati limefungwa hadi kifungo cha juu kabisa hata jua likiwaka. Viatu hakushona. Mikanda alishona akibanwa. Kazi yake hasa ilikuwa siti za ngozi: anachukua ngozi ya mgongo wa dume, nene kama kidole cha mtoto, iliyolowekwa kwenye magome ya miti mpaka ikawa nyekundu, anaivuta ikiwa mbichi juu ya kinyago cha mti chenye umbo la siti alichokichonga mwenyewe, anaiacha ikauke siku kadhaa, kisha anaipigilia kwa ripiti za shaba kwenye vyuma vya siti kuukuu. Ukiigonga kwa ukucha inalia ko, ko, kama mlango.

Nilimwendea miaka minne iliyopita, nimechoshwa na siti za sponji za dukani. Sitazisifia hizo hata leo. Zinachanika kabla ya Krismasi, mvua ikinyesha zinanywa maji yote, na wewe ukikaa zinakurudishia maji hayo kwenye suruali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sponji ni ya godoro," akasema kabla sijaeleza shida yangu. Alikuwa ameshaiona baiskeli.

Huo ndio ulikuwa msemo wake wa kwanza, na kila mteja aliupata. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe, pale mezani kwake, alikalia stuli yenye kipande cha godoro kilichofungwa kwa kamba. Nilikiona siku hiyohiyo na sikunyamaza.

"Mzee, na hiyo uliyokalia ni nini?"

Akainua ubavu mmoja, akatazama chini kana kwamba hajawahi kukiona.

"Mimi siendi popote," akasema.

Nilicheka. Ningejua maana ya jibu lile nisingecheka.

Tabia yake ya kupima wateja ilijulikana mtaa mzima. Hakutumia futi. Alikuwa na kiroba cha pumba ya mahindi, anakinyunyizia maji, anakilaza juu ya benchi, kisha anakuamuru ukae, unyanyue miguu, uhesabu hadi ishirini. Ukisimama anainama kutazama mashimo mawili yaliyobaki kwenye pumba, mahali mifupa ya kukalia ilipoingia, anapima kwa kijiti na kukata alama. Ng'ambo ya barabara walikaa kina mama wauza ndizi, na kwao kila kipimo kilikuwa sherehe.

"Fundi, unampimia sketi?" mmoja akauliza siku yangu.

"Pana hiyo, usimbane!" akaongeza mwingine.

Fundi hakucheka wala hakuwakemea. Alikuwa mtu wa kuinamia pumba kwa makini kiasi kwamba hata mwenye kuona aibu ilibidi asubiri. Aliniita Mangi tangu dakika ile, kwa kuwa lafudhi yangu ilimwambia nimetoka Machame, na hapa mjini Mchaga yeyote ni Mangi hata kama hana duka.

Siti niliyopewa ilikuwa nzuri kutazama. Ndiyo sifa pekee niliyoweza kuitaja mwaka mzima uliofuata. Nilikuwa nimeilipia bei ambayo ingeninunulia tano za sponji, na nilipoikalia siku ya kwanza kutoka Ilboru, kwenye mawe ya mteremko, nilisimama juu ya pedeli nusu ya njia. Wateja wa Kaloleni walidhani nina haraka. Siku ya tatu mke wangu aliniona nikila chakula cha jioni nimesimama, akauliza kama kuna ugomvi.

Nikarudi kwa fundi. Akaigusa ile siti kwa kiganja, akatikisa kichwa taratibu.

"Bado hamjaelewana," akasema.

Sasa hilo neno. Nimelisikia mara ngapi sijui. Bado hamjaelewana. Hakusema siti ni ngumu, hakusema subiri ilainike, hakukubali hata siku moja kwamba inauma. Alisema kana kwamba mimi na kile kipande cha ng'ombe tumekosana, na yeye ni mzee wa kanisa aliyeitwa kusuluhisha. Na kweli alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kutoka Oldonyo Sambu, akirudi huko kila Jumamosi ili Jumapili asikose ibada. Nilimwuliza mara moja, "Mzee, unakubali kwamba inauma?" Akanijibu kwamba mtoto mchanga naye hulia akishikwa na mgeni. Nikamwuliza kati yangu na siti mtoto ni nani. Akaendelea kupigilia ripiti.

Ushauri wake ulikuwa mfupi kupita kiasi, na ufupi huo uliniponza. Aliniambia, "Ipake mafuta kama unavyompaka mtoto wako." Basi. Mimi na mke wangu tumelea watoto watatu, na sisi mtoto tunampaka mafuta ya mgando ya kopo, yale yenye harufu ya maua. Nikaipaka siti jioni tatu mfululizo, kwa upendo, hadi kopo likaisha. Ikawa inateleza kama mlenda. Vumbi lote la njia ya Ilboru likaja kukaa pale, suruali zangu zote tatu zikapata duara jeusi nyuma, na mimi nikawa nanukia kama kliniki ya wajawazito. Wauza ndizi walinisikia harufu kabla hawajaniona.

Fundi alipoigusa aliondoa mkono haraka.

"Umeifanya nini?"

"Ulisema kama mtoto."

"Mtoto anapakwa mafuta ya kondoo!"

"Mtoto wa nani, mzee?"

"Mtoto yeyote!"

Hapo tukatazamana, Mwarusha na Mchaga, kila mmoja akimwona mwenzake amelea watoto vibaya. Aliikwangua kwa kisu siku nzima, akaniletea Jumatatu mafuta ya mkia wa kondoo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Ngozi ikayanywa, nakiri, ikapendeza. Ila mbwa wa Levolosi nao wakapata habari. Kwa wiki mbili sikuweza kuegesha baiskeli popote bila kurudi na kukuta mbwa amesimama kwa miguu ya nyuma akiilamba siti yangu. Nilimwambia fundi. Akasema mbwa anajua kitu kizuri.

Halafu kulikuwa na mvua. Ngozi haitaki kulowa, na mifuko ya plastiki ya kuifunika ilishapigwa marufuku, kwa hiyo masika nzima nilitembea na kofia ya nailoni ya mke wangu, ile anayovaa akitoka saluni, nimeivisha siti. Ya waridi. Mtu mzima mwenye ndevu. Fundi ndiye pekee ambaye hakunicheka, alinisifu, na sifa yake iliniudhi kuliko vicheko vya wengine wote.

Kitu kimoja tu kilimfanya apaze sauti. Chini ya pua ya siti kuna nati inayovuta ngozi ikilegea, na spana ya nati hiyo alikuwa nayo yeye peke yake, kipande cha chuma alichokipinda mwenyewe na kukivaa shingoni pamoja na funguo za nyumba. Alinionya kwamba nati hiyo hukazwa robo mzunguko kwa mwaka, na kwamba atakaza yeye. Mimi kwa ujeuri nikaikaza nyumbani kwa koleo, mzunguko mzima, nikidhani nitaimaliza kazi. Ikawa ngoma. Alipoiona alisimama, kile kipande cha godoro kikaanguka.

"Robo! Nilisema robo! Unataka kumchana?"

Alisema kumchana, si kuichana. Siku nne hakuitikia shikamoo yangu.

Wakati huohuo nilipata jipu. Sitaeleza lilikuwa wapi. Nililala kifudifudi siku tisa, wateja sita wa Kaloleni wakahamia kwa mwenzangu mwenye pikipiki, na wanne kati yao hawajarudi mpaka leo. Nilipopona niliing'oa ile siti, nikaibeba mkononi hadi Levolosi, nikaibwaga juu ya meza yake katikati ya misumari.

"Mzee, chukua mali yako. Imeniharibia kazi."

Hakukasirika. Aliigeuza, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. Kisha akanyoosha kidole kwenye baiskeli yake mwenyewe, ile nyeusi kuukuu iliyoegemea nguzo daima.

"Tazama ya kwangu. Umri wake ni mkubwa kuliko wa ndoa yako. Ina ufa?"

Haikuwa na ufa. Ilikuwa laini, imenyooka, inang'aa kama siku ilipotoka kwenye kinyago. Nani angebishana na ushahidi wa namna hiyo? Nilimwona kila Jumamosi akiikokota baiskeli hiyo kuelekea stendi, marobota ya ngozi yamefungwa nyuma, na Jumatatu akiikokota kurudi. Nikasema moyoni, kama mzee huyu ameikalia miaka yote hiyo bila kulalamika, basi tatizo ni langu. Nikaichukua siti yangu, nikairudisha kwenye baiskeli, na hasira nikabaki nayo.

Nisije nikamfanya kuwa mtu mbaya. Alikataa kubandika nembo za kigeni kwenye mikanda, ingawa wenzake walifanya hivyo na watalii wa Momela walinunua. Kuna mjane mmoja wa Kaloleni ambaye fundi alimtengenezea siti ya baiskeli ya kuuzia mkaa, akamwambia malipo yake ni kumwombea. Alikunywa chai ya rangi bila sukari, akikaripia watiao sukari. Alijua kila baiskeli ya mtaa kwa mlio wake. Na kila asubuhi nilipopita mbele ya baraza ile, madumu yakigongana, aliinua kichwa na kuuliza swali moja.

"Mangi, mmeelewana?"

"Bado inauma, mzee."

"Bado," alikuwa akisema, na kurudi kwenye kazi.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kuliruka. Mwaka juzi, masika ilipokwisha, nilishuka kutoka Ilboru asubuhi moja, nikagawa maziwa Levolosi, nikagawa Kaloleni, na nilipokuwa nafunga madumu matupu nikashtuka kwamba sijayafikiria makalio yangu tangu nitoke nyumbani. Nilisimama nikajipapasa kama mtu aliyepoteza simu. Hakuna maumivu. Siku iliyofuata vilevile. Wiki iliyofuata vilevile. Nilikaa pale kama mtu anayekaa kwenye kiti chake mwenyewe sebuleni, na madumu yakiwa yamejaa niliweza kupita kwenye mawe nikiwa nimekaa. Yale maneno yake yote ya kuudhi yalikuwa kweli.

Nilipofika barazani kwake akainua kichwa.

"Mangi, mmeelewana?"

Nikaona jipu, nikaona siku tisa, nikaona wateja wanne, nikaona kofia ya waridi. Nikasema, "Bado inauma, mzee."

Ilikuwa kisasi kidogo, na kitamu. Kesho yake nikakirudia. Kisha ikawa mazoea, naye akiuliza, mimi nikijibu, zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na mimi nimekaa raha mustarehe juu ya kazi ya mikono yake. Nilitaka kwanza akubali kwamba inauma. Akubali mara moja tu, ndipo nami nimwambie.

Mwanzoni mwa mwaka huu meza yake ikawa tupu. Wauza ndizi walisema amerudi kwake Oldonyo Sambu, mguu mmoja umekosa nguvu. Nilisubiri arudi. Hakurudi, na siti yangu ikaanza kulegea kwenye pua, ikihitaji robo yake ya mwaka, na spana iko shingoni mwake. Baada ya mambo ya koleo sikuthubutu kuigusa. Jumapili moja baada ya ibada ya kwanza nikapanda barabara ya Namanga, Ngaramtoni nikaipita, nikasukumana na upepo na vumbi hadi kwake. Saa tatu za njia, na nilifika sina kidonda. Nililiona hilo, nikalinyamazia.

Mke wake ndiye aliyenipokea. Mama mnene mwenye sauti ya kusikika uani kote, akanipa maziwa mgando kwenye kikombe cha bati kabla hajaniuliza jina. Fundi alikuwa amekaa ukutani penye jua, fimbo mapajani, shati limefungwa hadi juu. Baiskeli yake nyeusi iliegemea banda la mbuzi, siti inang'aa.

"Shikamoo mzee. Pole na mguu."

"Marahaba, Mangi. Umekuja mbali."

"Kweli mbali," nikasema. "Sijui wewe uliwezaje kila Jumamosi na mizigo ile."

Mke wake akacheka hadi akaweka birika chini.

"Huyu? Huyu alipanda gari, na baiskeli juu ya gari. Mangi, mzee huyu hajui baiskeli. Hajawahi kupanda hata siku moja. Anaikokota kama punda."

Nilimtazama fundi nikisubiri akanushe. Alikuwa anatazama fimbo yake. Nikaitazama ile siti nyeusi, laini, iliyonyooka, isiyo na shimo hata moja, na nikaelewa kile nilichokuwa nikikitazama miaka minne bila kukiona. Damu ikanipanda.

"Mzee, ulinionyesha ile pale. Ulinionyesha kama ushahidi! Nimelala kifudifudi siku tisa kwa sababu yako, na wewe hujawahi kukaa hata juu ya moja?"

"Sijawahi."

"Sasa ulijuaje? Bado hamjaelewana, bado hamjaelewana, ulijuaje?"

Alijibu polepole, na bila kujitetea, jambo ambalo lilinikatisha nguvu.

"Baiskeli niliipata ukubwani. Niliona aibu kujifunza mbele ya watu, nisije nikaanguka mbele ya wake zao. Siti ya kwanza niliyotengeneza ilikuwa ya mwinjilisti wa hapa. Aliniambia mwenyewe: inakataa, inakataa, halafu mnaelewana, na ukishaelewana nayo hutaki nyingine. Alikuwa mtu wa Mungu, nikamwamini. Akahamishwa, sikumwona tena. Basi nikawa nawaambia watu maneno yake." Akaigeuza fimbo mapajani. "Lakini Mangi, waliorudi kwangu wote walirudi kulalamika. Wote. Hakuna aliyerudi kuniambia kwamba sasa ni sawa. Nikasema, huenda yule mwinjilisti alikuwa na makalio ya peke yake. Huenda nimewaumiza watu bure maisha yangu yote."

"Ndiyo maana aliacha," mke wake akasema, sasa bila kucheka. "Si mguu. Mguu umekuja baadaye. Alifika hapa akasema, hata yule Mangi, mwaka wa nne huu, kila siku namwuliza, bado inamwuma. Akafunga kisu."

Fundi akaniangalia usoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Ulisema kweli wakati wote," akasema. "Nakubali. Inauma. Unisamehe."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka minne, nimeyapanga hata jinsi nitakavyotabasamu yakija. Kikombe kilikuwa mkononi na sikujua nikiweke wapi.

"Nimekuja kwa ajili ya nati, mzee," nikasema. "Imelegea."

"Lete nikaze. Hiyo bado naiweza."

Niliisogeza baiskeli hadi pale alipokaa. Aliivuta spana kutoka shingoni, akaivua ile kofia ya waridi niliyoivisha siti nilipofika, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya goti. Kisha, kama kawaida yake, akaweka kiganja juu ya ngozi kabla ya kufanya lolote. Kiganja kikasimama. Kidole gumba kikaingia kwenye shimo la kushoto, kikazunguka ukingo wake, kikahamia la kulia. Yalikuwa mashimo mawili ya kina, yamezama, yameng'aa ndani kwa kukaliwa, na yeye alikuwa mtu wa kusoma mashimo hata kwenye pumba.

"Haya si ya mwaka huu," fundi akasema.

"Hapana, mzee."

"Ni ya lini?"

"Mwaka juzi. Masika ilipokwisha."

Akaikaza nati, robo tu. Akairudisha spana shingoni, akakichukua kile kikofia akakivisha siti tena, akinyoosha mkunjo mmoja baada ya mwingine hadi kikakaa sawa.

"Na pale kwangu," akasema, "ulikuwa unapita kila asubuhi."